Uta Huu Hauoshwi

Darajani, Unguja
8 Aprili 2025

Kwa shangazi yangu mpenzi Bi Mwanakhamis,

Asalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh. Shikamoo, shangazi. Mimi na Asya tumerudi salama, alhamdulillahi, ingawa boti ilitupiga sana tulipotoka Mkoani. Asya na ujauzito wake alitapika mpaka nikaona haya mbele za watu. Sasa hajambo, anakusalimu sana, na anasema yale mabumunda uliyotufungia yaliisha kabla hatujashuka. Dukani kazi ipo. Nina kanzu za maharusi za kushona na kila mwenye harusi anataka yake itangulie.

Naandika barua kwa sababu siku ya Idi uliniambia kwamba kwenye simu nakukatiza, na nikisikia neno nisilolitaka nasema mtandao umekatika. Basi leo sikukatizi, na wewe nakuomba unisome mpaka mwisho.

Shangazi, nimezungumza na Asya na tumekubaliana. Kile chumba cha uani tumekisafisha na kupaka chokaa, kina dirisha na choo chake. Njoo ukae na sisi. Mtoto akizaliwa awe na bibi wa kumlea. Hapo Chokocho unaishi peke yako, na kila Jumapili unatoka na wanaume na mbwa wao kwenda kumtafuta nguruwe. Nguruwe, shangazi! Unarudi na damu yake kwenye nguo, na nyumba ni hiyo hiyo unayosalia. Watu wa hapa wakiniuliza jamaa zangu wa Pemba wanafanya nini, nasema wanalima.

Uta ni wa babu, najua. Utundike ukutani ubaki kuwa kumbukumbu. Shamba mpe jirani yako Suhaib, ana nguvu na ana watoto wa kulisha.

Shamima anayeleta nguo za biashara ndiye atakayekupa barua hii, na jibu mpe yeye. Nasubiri la heri.

Mwanao,
Usama Mbarouk


Chokocho, Pemba
19 Aprili 2025

Usama mwanangu,

Waaleikumu salaam. Marahaba. Mie mzima, ila magoti yananisumbua mvua ikishika, na masika ya mwaka huu yameshika kweli. Kazija jirani yangu kamwoza binti yake, pilau lilikuwa na chumvi nyingi lakini tulikula. Mbuzi wangu kazaa pacha. Mwambie Asya akipanda boti anuse ndimu, na kutapika asione haya. Wa kuona haya ni mume anayemwonea haya mkewe.

Barua yako niliisoma nikacheka. Nikaisoma tena nikakasirika. Sasa ndiyo nimeshika kalamu.

Ati wanalima! Tunalima nini, Usama, ikiwa nguruwe wanavuna kabla yetu? Kuna dume moja hapa, mgongo wake wanifika kiunoni, na meno yametoka nje ya mdomo kiasi cha kidole changu cha kati. Wasasi ninaowinda nao wamempa jina Bwana Shamba, maana hapana shamba asilolikagua. Muhogo wa Kazija kaumaliza. Wa mama yake Suhaib kaumaliza. Wangu bado umesimama kwa sababu ananijua mie na uta wangu. Sasa weye waniambia nimwachie shamba nije Darajani nikalale kwenye chumba cha chokaa!

Na usinifundishe najisi, kijana. Aliyekufundisha kutawadha ni mie, na ulikuwa hutaki maji ya baridi. Ncha ya mshale ikigusa damu ya mnyama yule twaiosha mara saba, moja kwa udongo, papo hapo kisimani, kabla hatujakanyaga majumbani. Mikuki vilevile. Nguo navua huko huko. Nyumba yangu safi. Na kama kinachokukera ni mwanamke kushika uta, muulize shehe wako Nusaiba binti Kaab alikuwa akifanya nini siku ya Uhud. Alikuwa jikoni?

Nikukumbushe jambo, huenda Unguja limekutoka. Wasasi wanapomfukuza nguruwe, mtu mmoja husimama mahali mnyama atakapotokea. Hapo twapaita mlangoni. Baba yako alisimama mlangoni miaka yote. Alipofariki, Hafiz mkubwa wa wasasi aliwapa wanaume uta wauvute, mmoja mmoja, na wote uliwashinda. Nikauvuta mie, kwa kuwa babu yako alitufundisha sote wawili, mie na baba yako, na hakutubagua. Ndivyo nilivyopata nafasi ile. Sikuiomba, na siiachi.

Chumba Mungu akulipe. Sihami.

Jambo moja nimeliona. Barua nzima humtaji baba yako. Jina la Mbarouk liko kwenye saini tu.

Shangazi yako,
Mwanakhamis


Chokocho
14 Mei 2025

Usama,

Asalaam aleikum. Natumai Asya hajambo na tumbo lake. Sikungoja jibu lako, maana jibu halikuja na jambo limekuja.

Jumapili tulitoka. Bwana Shamba alikuwa amelala kwenye kichaka bondeni, nyuma ya mikarafuu ya marehemu bwana Mmanga. Mbwa wakamwamsha, wasasi wakapiga makelele, akaja mlangoni kwangu. Alikuja polepole, hana wasiwasi, mwenye nyumba khasa. Nikamngoja ageuke nimwone nyuma ya bega, maana usoni mshale hauingii. Akageuka. Nikavuta.

Mkono ulipofika shavuni nikasikia upote, kamba yenyewe ya uta, unalegea. Upote ule ni ukano wa mguu wa ng'ombe, nimeusokota mwenyewe, hauna kawaida ya kulegea. Sasa ulinyooka mkononi mwangu kama uzi wa sufi. Mshale ukatoka hauna nguvu, ukamchoma ubavuni juu juu, ukaning'inia. Akageuka kuniangalia, kisha akanijia.

Hafiz alikuwa kushoto kwangu na mkuki wake. Angeweza kupanda kisiki akajiokoa. Hakupanda, akaingia katikati, na yale meno yakampasua paja. Suhaib akawahi, akampiga mnyama mkuki wa mgongo, mnyama akakimbia zake.

Hafiz yu hai. Kashonwa hospitali, karudishwa nyumbani, amelala anamtukana kila anayempelekea uji, kwa hivyo atapona. Lakini nimeiona damu ile, Usama, na mie damu kama ile nilishaiona mara moja.

Wasasi wamekaa kikao bila mie. Suhaib ndiye aliyeletwa kunambia. Kasimama nje, nikamkaribisha chai hataki, anatizama miguu yake. "Bi Mwanakhamis, wamesema mkono umechoka. Wamesema uta utundikwe." Neno lako lile lile la kutundika. Nikadhani umewaandikia barua na wao.

Alipoondoka nikaushusha uta, nikaufungua upote fundoni. Ndani ya fundo, pale jicho lisipofika, mna udongo mwekundu, ule wa nyuma ya nyumba yangu. Upote wenyewe umekakamaa, ndivyo unavyokuwa ukano uliorowa ukakaushwa juani. Ukiutizama waona umekaza, kumbe umekwisha kufa. Kabla ya kutoka niliuvuta uani, nusu tu, ukashika nikaridhika. Hilo kosa langu. Ningeuvuta mpaka shavuni ningelijua.

Lakini udongo si wangu. Uta ule haugusi mtu ila mie. Siku ya Idi nilishinda kwa Kazija kutwa, Asya alikuja nami, na weye ulisema kichwa kinakuuma, ukabaki nyumbani peke yako.

Nakuuliza, nijibu. Uliuosha uta wangu?

Mwanakhamis


Darajani, Unguja
2 Juni 2025

Kwa shangazi yangu mpenzi,

Asalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh. Shikamoo. Barua zako mbili nimezipata kwa mkono wa Shamima. Sisi wazima, tunamshukuru Mungu. Asya sasa anatembea kwa taabu, miguu inamvimba, na daktari kasema apumzike. Joto limepungua. Dukani nimeongeza fundi mmoja wa vifungo, kijana mtulivu.

Nimesikitika mno kwa habari ya Bwana Hafiz. Kila sala namuombea. Mwambie nampa pole, au usimwambie, uonavyo. Ana umri sasa, jeraha la paja si jambo dogo. Anakula? Jeraha halijaoza? Nijulishe hilo tafadhali, nina wasiwasi nalo usiku na mchana.

Kuhusu hayo mengine, Mwenyezi Mungu ndiye mjuzi. Huenda ni kudra yake, na huenda ni ishara kwamba wakati umefika wa kuacha. Wasasi wenyewe wamesema, si mimi.

Idi hii ya kuchinja hatutaweza kuja kwa hali ya Asya. Nakuletea kanga, rangi ile uipendayo. Chumba bado kipo.

Mwanao,
Usama


Chokocho
10 Juni 2025

Usama,

Waaleikumu salaam. Kanga nimeipokea, nzuri. Nimempa Kazija.

Hafiz anakula, tena anakula kuliko mwanzo, na jeraha linafunga. Asya apandishe miguu kwenye mto akilala, uvimbe utapungua. Habari zangu ni kwamba nikipita njiani watu wananipa pole, na hakuna aliyekufa. Waniuliza kama mkono bado unatetemeka. Mkono wangu! Juzi mtoto wa skuli kanisaidia kubeba ndoo bila kuombwa, nikamnyang'anya.

Ati ishara. Mungu akitaka kunipa ishara hatii udongo kwenye fundo la upote, Usama. Hilo ni la mtu.

Nakuuliza suali, wanijibu habari ya vifungo. Haya, nitakusemea mie. Ulipokuwa mdogo mkirudi kuwinda na baba yako, mvua ikianza, alikuwa akivua kofia yake anaufunika upote, kichwa chake kikirowa. Weye wacheka, wamwambia, "Baba, utalowa nywele." Akakwambia nywele hukauka zikawa nywele, ukano ukikauka hauwi tena ukano. Ulikuwepo. Mie nilikuwa nyuma yenu nimebeba mishale. Kwa hivyo usije ukaniambia ulikuwa ukiondoa najisi. Uta haumgusi nguruwe. Mshale ndio unaomgusa, na mishale hukuiosha, nimeitizama yote.

Bwana Shamba karudi. Jeraha la mshale wangu anatembea nalo ubavuni, limefunga. Kala mistari mitatu ya muhogo wangu mchana kweupe, na mie nimesimama na upote mfu mkononi. Nililia, si kwa muhogo.

Sijamwambia mtu. Ningekwenda kwa Hafiz leo nikamwonesha fundo, kesho jina langu lingesafika. Sitasema. Utasema weye, kwa mdomo wako, mbele ya mguu wake. Panda boti uje.

Mwanakhamis


Darajani, Unguja
17 Agosti 2025

Shangazi,

Asalaam aleikum. Shikamoo. Asya kajifungua salama, mtoto wa kike, alhamdulillahi. Siku ya saba tumempa jina Rahma na tumechinja akika. Ana masikio ya kwetu. Asya hajambo, na miguu imerudi kama zamani tangu aliposikia habari ya mto.

Nisamehe kimya changu. Kila nilipoanza kuandika nilichana.

Niliuosha. Nilichota udongo nyuma ya nyumba, nikauosha uta na upote mara saba, moja kwa udongo, nikauanika juani kwenye bati la banda la kuku, nikautundika kabla hamjarudi. Wakati naosha nilijiambia naosha najisi. Nilijua sioshi najisi. Yale ya kofia ya baba nayakumbuka kuliko wewe. Nilitaka ukivuta, upote ukatike, wewe useme umechoka, urudi nyumbani. Nilidhani utakatika mbele yako uani. Sikudhani utashika, sikumdhania Hafiz. Wallahi sikumdhania.

Unasema simtaji baba. Nitamtaja leo. Nilikuwa nakata kitambaa simu ilipolia, na aliyepiga ni Hafiz. Akasema, "Usama, kaa kitako." Nikakaa. Kitambaa kile mpaka leo sijakishona. Baba alitolewa matumbo na nguruwe, na mimi nilifika Mkoani kashazikwa, sikumuona uso. Basi kila Jumapili, shangazi, tangu ulipochukua nafasi yake, sishoni. Nakaa dukani na simu mezani mpaka Magharibi. Asya anadhani nasoma. Siogopi najisi. Naogopa Hafiz aniambie tena kaa kitako.

Kwa hivyo nakuomba tukubaliane. Nitakuja. Nitasimama mbele ya Hafiz na wasasi wote, nitasema ni mimi niliyekuulia upote, na mkono wako ni mzima, na jina lako litasafika. Nitamlipa Hafiz haki yake vyovyote atakavyohukumu. Lakini nikishasema, wewe nipe ahadi kwamba hutasimama tena mlangoni. Hilo tu. Nikubalie nipande boti ya kwanza.

Mwanao,
Usama


Chokocho
30 Agosti 2025

Usama mwanangu,

Waaleikumu salaam warahmatullahi wabarakatuh. Nimesoma habari za Rahma nikapiga vigelegele peke yangu mpaka Kazija akaja mbio akidhani nimeumwa na nyoka. Mungu amkuze, ampe imani na meno mazuri. Mbusu masikio yale. Asya nampelekea asali na samli kwa Shamima, ale yeye, si weye.

Barua yako imechelewa kidogo. Shamima aliuguliwa na mamake, na kabla haijafika, mie nilikwisha fanya langu.

Siku ya Idi ya kuchinja nilikwenda kwa waliochinja ng'ombe, nikaomba kano za miguu. Walinitizama, wakanipa. Nikazianika kivulini, nikazichana, nikasokota upote mpya mpaka vidole vikatoka malengelenge. Nikauvuta mpaka shavuni kila asubuhi. Kisha nikakaa pembeni mwa shamba langu mwenyewe, penye mgomba uliolala, upepo ukinipiga usoni. Wasasi wamenikataza mlango wao, shamba langu hawakunikataza.

Alikuja alasiri, siku ya tatu. Peke yake, mie peke yangu, hapana mbwa wala Hafiz. Akang'oa muhogo wa kwanza, akatafuna, akawa ananiangalia. Kaniona, Usama. Akainamisha kichwa akaja. Nakwambia hili kwa sababu hutaki kulisikia: nilijikojolea. Kanga ilirowa mpaka miguuni. Lakini mkono haukutikisika. Nikamngoja, nikamngoja, akakwepa mgomba, bega likafunguka, nikaachia. Mshale ulizama mpaka kwenye manyoya. Akapita ubavuni mwangu na joto lake nikalisikia, akaenda hatua chache, akapiga magoti kwenye matuta yangu. Nikakaa chini nikatetemeka, saa ile ndiyo nilitetemeka.

Suhaib alisikia akaja, akaona, akawaita wengine. Walipokuja kumfukia, Hafiz naye alikuja na bakora yake. Akaizunguka ile maiti ya mnyama, akatizama mshale ulivyoingia, akautizama uta, akaugonga upote kwa ukucha ukalia. Akasema, "Huu mpya." Nikasema ndiyo. Akasema, "Ule wa zamani ulikuwa na nini?" Nikasema, "Ulioshwa."

Hakuuliza na nani. Akakumbuka nani alilala kwangu siku za Idi, nikamwona anakumbuka. Kisha akasema, "Mtoto wa Mbarouk kaogopa." Basi. Akawageukia wasasi akawaambia, "Mlango una mwenyewe." Suhaib akaja kunishika mkono, nikamwacha aushike kidogo, halafu nikamwambia siku ile ya kikao hukutaka chai yangu.

Kwa hivyo mwanangu, huna cha kuniuzia. Jina langu nilikwisha lichukua mwenyewe, na hata lingekuwa bado mkononi mwako nisingelinunua kwa bei hiyo. Umeniambia ukweli, na nimekusamehe, nimekusamehe kabla sijamaliza kusoma, tena nililia. Lakini ahadi sikupi. Hafiz njoo umwone kwa ajili ya Hafiz, si kwa ajili yangu. Anakungoja. Kasema usije na kitu mkononi, uje na mtoto.

Na baba yako. Ulifika kashazikwa kwa sababu mie nilisema azikwe. Wenzangu walitaka tukungoje. Nilikuwa mlangoni pamoja naye siku ile, nimembebea mishale, nilimkusanya kwa mikono hii, na nilisema mtoto huyu asimwone baba yake hivi. Ulinichukia siku ile, najua, na nilikuacha unichukie.

Waogopa simu ilie. Ogopa, mwanangu, una haki ya kuogopa, wala sitakuambia acha. Na mie naogopa. Kila Jumapili nikifunga kanga kiunoni naifungua nikaifunga tena, na sasa ujue kwamba siko peke yangu, kuna mtu mwengine Darajani kakaa na simu mezani saa ile ile.

Kuna dume jengine limeonekana bonde la Mtambile, dogo kuliko yule, kali zaidi. Kesho asubuhi tunatoka, na mlangoni nasimama mie.

Shangazi yako akupendaye,
Mwanakhamis